Kiinitete Kimoja au Viwili? Amueni Kabla ya Siku ya Kupandikiza

Katika IVF, yaani matibabu ambayo yai hurutubishwa maabara, swali la idadi ya viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua) vya kuweka tumboni huulizwa mahali pabaya na wakati mbaya. Mama amekwisha kuvaa gauni la hospitali, kibofu kimejaa maji kama alivyoagizwa, mumewe yuko kwenye korido akijibu simu za kazini, halafu mtu anaingia na fomu: "Leo tunaweka vingapi?" Katika hali hiyo karibu kila mtu husema viwili. Amelipa pesa nyingi, amejidunga sindano tumboni zaidi ya wiki nzima, na viwili vinasikika kama bahati mara mbili.

Mimi ni muuguzi na mshauri nasaha wa wenzi wanaotafuta mtoto kwa njia ya IVF hapa Nairobi. Ninaandika mwongozo huu ili uamuzi huo utoke kitandani uende mezani, mapema, mahali ambapo watu wawili wanaweza kuuliza, kupiga hesabu na hata kubishana kidogo. Msimamo wangu niuseme tangu sasa: kwa wengi wenu jibu ni kimoja, na vingine vigandishwe. Wale ambao kwao viwili vina mantiki nitawafikia.

Hatua ya 1: Anzeni mazungumzo kabla ya sindano

Siku daktari anapowapangia sindano za kukuza mayai, mwambieni: "Tungependa tuzungumzie idadi ya viinitete leo, si siku ya kupandikiza." Nendeni wote wawili. Kama mume yuko Mombasa au Doha kikazi, mwekeni kwenye simu asikie kwa masikio yake. Kama unatibiwa peke yako, nenda na dada yako au rafiki anayeweza kuandika huku wewe unasikiliza.

Tangu watoto wa kwanza wa IVF nchini wazaliwe Nairobi mwaka 2006, kliniki zimeongezeka, na kila moja ina desturi yake. Kwa hiyo ulizeni: Kliniki hii huweka vingapi kwa kawaida kwa mtu wa umri wangu? Kati ya mimba zenu, ngapi huwa za mapacha? Mnagandisha hapa hapa, na viinitete vingapi kati ya 100 huishi vikiyeyushwa? Maabara inayotumia njia ya kisasa ya kugandisha kwa kasi inapaswa kuwaambia namba iliyo juu ya 90. Mkijibiwa "usijali, sisi tunajua kazi yetu", rudieni swali kwa upole. Ni haki yenu.

Hatua ya 2: Yajueni mambo manne kuhusu viinitete vyenu

*Umri wa yai.* Si umri wa tumbo. Mama wa miaka 44 anayetumia mayai ya mchangiaji wa miaka 26 anahesabiwa kama wa miaka 26 upande wa kiinitete, ilhali mwili utakaobeba ujauzito bado ni wa miaka 44. Kwake mambo yote mawili yanaelekeza kwenye kimoja: kiinitete kina nguvu, na mwili hauna sababu ya kubebeshwa wawili.

*Siku.* Kiinitete cha siku ya 3 kina chembe kama sita hadi nane. Cha siku ya 5 au ya 6 huitwa blastosisti. Kina chembe nyingi zaidi, na kimekwisha kupita mchujo mkali. Kati ya mayai yaliyorutubishwa, karibu nusu, wakati mwingine pungufu, ndiyo hufika hapo. Ndiyo maana blastosisti moja ina uzito kuliko kiinitete kimoja cha siku ya 3.

*Daraja.* Dada mmoja aliwahi kuniletea karatasi ya maabara iliyoandikwa 4AB, 3BB na 3BC. Alikuwa ameikunja mara nne kwenye pochi. Akaiweka mezani, akaisoma kama ripoti ya mtoto wa shule: "Huyu wa kwanza amefanya vizuri. Huyu wa tatu ameanguka." Tukaisoma pamoja upya. Namba, kuanzia 1 hadi 6, inaonyesha blastosisti imetanuka kiasi gani. Herufi ya kwanza ni ya kundi la chembe zitakazokuwa mtoto. Herufi ya pili ni ya chembe zitakazokuwa kondo la nyuma. A ni bora kuliko B, na B kuliko C. Lakini daraja ni sura tu, iliyotazamwa kwa hadubini. 3BC nayo huzaa watoto, ingawa si mara nyingi kama 4AB. Swali lake la pili ndilo nililokuwa nikilisubiri: "Basi tuweke cha kwanza na cha tatu pamoja, cha tatu kimsaidie cha kwanza?" Hakimsaidii. Kukiongezea kiinitete kizuri kingine dhaifu huongeza nafasi ya mtoto kidogo mno, ilhali hatari ya mapacha inapanda.

*Historia.* Umewahi kupandikizwa? Ikawaje? Umewahi kubeba mimba, hata ikatoka? Aliyewahi kuzaa kwa IVF, au anayepandikizwa kwa mara ya kwanza akiwa na viinitete vizuri vya ziada vya kugandisha, yumo kwenye kundi lenye matumaini makubwa.

Hatua ya 3: Pigeni hesabu sahihi

Hapa ndipo wengi hupotoka, na hapa ndipo ningependa mkae kwa muda mrefu zaidi. Watu hulinganisha "kuweka kimoja" na "kuweka viwili". Kilinganisho cha haki ni kingine: una viinitete viwili, je, uviweke vyote leo, au uweke kimoja leo na kingine baadaye kama cha kwanza hakikushika?

Chukueni karatasi. Tuseme kila kiinitete kina nafasi 40 kwa 100 ya kuwa mtoto. Hiyo ni namba ya mfano. Yenu mwulizeni daktari. Sasa fikirieni wanawake 100, kila mmoja ana viinitete viwili.

Wakipandikizwa vyote kwa pamoja, 64 watapata mtoto na 36 hawatapata. Katika hao 64, kina mama 16 watabeba mapacha. Ni mmoja kati ya kila wanne waliofanikiwa.

Wakipandikizwa kimoja kimoja, 40 watapata mara ya kwanza. Waliobaki 60 watarudi kwa kile cha pili, na 24 kati yao watapata. Arobaini na 24 ni 64. Jumla ni ile ile, karibu hakuna mapacha, na wale 40 wa mwanzo bado wana kiinitete kwenye tangi, kinachosubiri siku watakayotaka mtoto wa pili.

Mwili haufuati kalamu kwa unyoofu hivyo, lakini hauendi mbali nayo. Mwaka 2004 madaktari wa Sweden, Norway na Denmark walichapisha utafiti wa wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36. Waliowekewa viwili kwa pamoja, asilimia 42.9 walizaa mtoto aliye hai. Waliowekewa kimoja, kisha kingine kilichogandishwa kama cha kwanza hakikushika, walizaa kwa asilimia 38.8. Tofauti ndogo. Sasa tazameni mapacha: asilimia 33.1 ya uzazi wa kundi la kwanza, dhidi ya asilimia 0.8 katika la pili. Na wakati ule kugandisha kulifanywa polepole, na viinitete vingi zaidi vilikufa. Uingereza nayo ilihimiza kimoja kimoja, na uzazi wa mapacha kwa IVF ukashuka kutoka asilimia 28 miaka ya 1990 hadi 6 mwaka 2019.

Kuna gharama ambayo hesabu hii haionyeshi, nayo ni moyo. Kusubiri wiki mbili, kupata jibu la hapana, kisha kujikusanya na kuanza tena ni jambo zito. Mtu akiniambia, "Sista, siwezi tena kusubiri mara mbili," ninamsikia, wala simwambii kwamba namba zitamfariji. Ninamwomba tu aupime uchungu huo pamoja na mwingine, wa kukaa kando ya inkubeta ya mapacha waliozaliwa mapema.

Hatua ya 4: Uliza mwili wako unaweza kubeba nini

Mapacha wanapendeza wakifika salama, na wengi hufika. Lakini zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37. Mama wa mapacha yuko kwenye hatari zaidi ya presha na kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, upungufu wa damu, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na upasuaji. Kuna pia mimba inayoanza na wawili, mmoja akapotea katikati. Wazazi huomboleza huku wakiambiwa washukuru kwa aliyebaki.

Mwambie daktari wazi kama una kovu la upasuaji, umetolewa uvimbe wa faibroidi, una presha, kisukari au selimundu, uliwahi kupoteza mimba kubwa kwa sababu shingo ya kizazi ni legevu, au una umbo dogo sana. Mojawapo ya hayo linatosha kusema kimoja, hata kama una miaka 41 na daraja si la juu.

Na jambo hili msilikwepe: kuna watu huambiwa kwamba wakishika watatu, "mmoja atapunguzwa". Kifungu cha 26(4) cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza kutoa mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Kupunguza mimba kunaweza pia kuwapoteza wote. Usipange idadi ukitegemea mlango huo.

Hatua ya 5: Andikeni gharama zote, hadi mwisho wa njia

"Viwili ni nafuu, unalipa mara moja." Nimeisikia sentensi hii zaidi ya nyingine yoyote, na ninaielewa. Mzunguko mmoja hula laki kadhaa, bima nyingi hazigusi IVF, na kuna wenzi waliouza shamba au kukopa sacconi ili wafike hapo. Kwa anayesafiri kutoka Eldoret au Kisumu, kurudi mara ya pili ni nauli, malazi na ruhusa ya kazini.

Basi chukueni karatasi nyingine, mchore mstari katikati. Upande mmoja andikeni gharama ya kugandisha, ada ya kuhifadhi kwa mwaka, dawa za kuandaa ukuta wa tumbo la uzazi, upandikizaji wa pili, nauli. Haimo gharama ya sindano za kukuza mayai wala ya kuyavuna, na hizo ndizo nzito.

Upande wa pili andikeni gharama za mapacha wakija mapema. Pigeni simu kwenye hospitali mbili tatu mnazozifikiria na mwulize: kitengo cha watoto wachanga ni pesa ngapi kwa siku, kwa mtoto mmoja? Mnataka amana ya kiasi gani? Katika hospitali za kibinafsi bei hiyo hufika makumi ya maelfu kwa siku. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 mara nyingi hukaa hadi karibu na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Zidisheni siku hizo kwa bei, kisha zidisheni kwa mbili.

Halafu someni bima yenu, pamoja na mnachostahili chini ya SHA, bima ya afya ya serikali. Kuna bima ambazo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hulipiwa kutoka kwenye kikomo cha uzazi cha mama, na kikomo hicho upasuaji wenyewe unaweza kukimaliza. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Pumwani zina vitengo vya watoto wachanga, na mama hufundishwa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo huokoa maisha. Lakini kumbeba mtoto kifuani kunataka mama awepo, siku hadi siku, na kama wako wawili kunataka mtu wa pili pia. Jiulizeni nani atakuwa mtu huyo, na kazi yake itakuwaje.

Sijawahi kuona karatasi hiyo ikijazwa kwa ukweli, upande wa pili, ule wa mapacha, ukatoka mwepesi.

Hatua ya 6: Familia

Kutamani mapacha si kosa. Kuna nyumba ambazo majina ya mapacha yako tayari: Opiyo na Odongo, Mukhwana na Mulongo. Mtu aliyesubiri miaka kumi huku akiulizwa kila Krismasi ana sababu ya kutaka kufunga midomo yote kwa siku moja. Nisemalo ni kwamba watoto wawili wanaweza kutoka kwenye mzunguko mmoja bila kukaa tumbo moja kwa wakati mmoja. Kile cha kwenye tangi kinaweza kusubiri miaka.

Amueni wawili nani ataambiwa nini. Mama mkwe si lazima ajue idadi. Akiuliza, "Tunaendelea na matibabu, mama, tuombee" ni jibu la heshima na linatosha.

Hatua ya 7: Jipimeni kwenye miongozo

Chama cha tiba ya uzazi cha Marekani, ASRM, katika mwongozo wake wa 2021, kinashauri hivi, kwa mwenye dalili nzuri, yaani aliye kwenye lile kundi la matumaini makubwa la Hatua ya 2:

- Chini ya miaka 38: kimoja, hasa kikiwa blastosisti.
- Miaka 38 hadi 40: blastosisti zisizidi mbili.
- Miaka 41 na 42: zisizidi tatu.
- Umri wowote, kiinitete kikiwa kimepimwa kromosomu na kuonekana sawa: kimoja.
- Mayai ya mchangiaji: tumieni umri wa mchangiaji.

Mwongozo wa Uingereza, ule wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, ni mkali zaidi. Hauruhusu zaidi ya viwili kwa umri wowote, na unasema kama kuna blastosisti ya daraja la juu, iwekwe moja. Mimi niko upande huo. Sioni nani hapa Nairobi anahitaji vitatu.

Viwili vina mantiki kwa mama anayetumia mayai yake mwenyewe akiwa na miaka 40 au zaidi. Kwa aliyepandikizwa viinitete vizuri mara kadhaa bila mafanikio. Kwa mwenye viinitete vya daraja la chini ambavyo maabara inaona havitavumilia kugandishwa. Na hata hao, kama mwili una mojawapo ya yale ya Hatua ya 4, warudi kwenye kimoja.

Hatua ya 8: Andikeni uamuzi wenu, pamoja na "je, ikiwa"

Mambo hubadilika maabara. Mlitarajia sita, mkapigiwa simu vimebaki viwili. Kwa hiyo msiandike namba tupu. Andikeni hivi, kwa maneno yenu:

"Tukifika siku ya 5 tukiwa na kiinitete kizuri hata kimoja, tunaweka kimoja na vingine vigandishwe. Tukibaki na viwili tu vya siku ya 3 na daktari akashauri visisubiri, tupigiwe simu kwanza wote wawili. Kilichogandishwa kisipoishi kikiyeyushwa, kiyeyushwe kingine kimoja. Mayai yakizidi na mwili ukavimba, vyote vigandishwe na tusubiri."

Mpeni daktari nakala iwekwe kwenye faili. Kwenye fomu ya idhini kuna pia maswali ya viinitete vitakavyobaki: vihifadhiwe muda gani, nani anaamua mmoja akifariki au mkiachana. Yajibuni nyumbani, kabla hamjafika kliniki.

Hatua ya 9: Siku yenyewe, na baadaye

Upandikizaji huchukua dakika chache na kwa kawaida hauhitaji usingizi wa dawa, kwa hiyo una akili zako timamu. Kabla hujalala kitandani, omba fomu, usome namba iliyoandikwa. Taja majina yako yote mawili na tarehe ya kuzaliwa, na usikilize mtu wa maabara akiyarudia. Kliniki nyingi zina skrini. Omba uonyeshwe kiinitete kabla hakijaingia kwenye mrija. Mtu akisema, "Kwa nini tusiongeze kimoja, viko vizuri," jibu lako liko tayari: "Ongeeni na faili yangu." Ukitaka kubadilisha mawazo unaruhusiwa, ila tokeni nje mzungumze wawili kwanza.

Endelea na projesteroni, homoni ya kuutunza ujauzito, kama ulivyoandikiwa, hata ukiona matone ya damu, hadi daktari aseme acha. Kipimo cha damu hufanywa takriban siku 10 hadi 14 baadaye.

Kikitoka chanya, skani ya wiki ya 6 au ya 7 ndiyo itakayohesabu mapigo ya moyo. Ifanye hata kama uliweka kimoja, kwa sababu kiinitete kimoja hugawanyika mara moja au mbili kwa kila mimba 100. Ukiambiwa ni mapacha, uliza hapo hapo: wana kondo moja au mawili? Jibu lipatikane kabla ya wiki ya 14, maana baada ya hapo ni vigumu kuona. Wakiwa na kondo moja, utahitaji skani kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na hospitali ya kujifungulia iwe yenye kitengo cha watoto wachanga ndani ya jengo lile lile. Weka nafasi mapema, na ukishaipata, waambie watakaokupeleka iko wapi na lango lipi hufunguliwa usiku.